Mfuko wa Pumzi

Jumanne, saa mbili kasoro, Pasua.
Dirisha wazi, barakoa puani.
Nilimwambia asile tangu jana usiku,
asivute, asionje mbege, hata ya kulamba kidoleni,
maana mashine hii haijui mzaha:
ndizi iliyochachuka kwake ni habari,
kitunguu ni habari,
hata dawa ya mswaki inaipigia kelele.

Anaeli amekuja na mama yake.
Miaka kumi na mmoja chini ya ardhi, Mererani,
akitafuta jiwe la buluu;
karudi na kikohozi kikavu kama pumba.
Mara tatu nimempa kikopo cha makohozi,
mara tatu amekirudisha na mate,
akiomba radhi kama mtu aliyeshindwa kulipa deni.

Leo sitaki makohozi.
Nataka kile anachokitoa bure, usiku na mchana,
bila kukihesabu.

"Vuta. Shikilia. Sasa puliza, polepole,
kama unapoza uji wa mtoto."

Mfuko unajaa. Ndani hamna kitu,
ungeapa hamna kitu.

Lakini kijidudu nacho kina jiko lake,
na hakuna jiko lisilotoa moshi:
chembe zisizo na rangi, nyepesi kuliko mvuke wa chai,
zinavuka mapafu, zinatoka mdomoni
katikati ya salamu.
Nazipitisha kwenye bomba jembamba, refu,
zikimbie, kila moja kwa mwendo wake,
na kwenye kioo mstari unanyanyuka,
vilima, vilima, kisha kimoja kirefu.
Usitake niseme Kibo.
Ni mstari tu.

Mama Ndekumwa anautazama, haoni ajabu.
"Mimi nilijua tangu Krismasi.
Blanketi lake lilinuka vingine.
Nikawaambia mawifi, wakasema jasho la mgodini."
Nimeshika kalamu. Kwenye fomu hakuna kisanduku
cha pua ya mama.

Namwambia huu bado ni utafiti,
mashine inajifunza, inaweza kukosea, nami pia;
picha ya kifua kwanza,
halafu tutaona habari ya Kibong'oto.

Anaeli ana swali moja tu:
huo mfuko, mkishamaliza, mnaupeleka wapi?

Huwa nautoboa. Huwa nautupa kwenye ndoo nyekundu
huku nikimwita anayefuata.

Sikumjibu.
Sasa ni saa kumi, wamekwishaondoka,
nao upo mezani, umevimba nusu,
jina lake ubavuni kwa wino mweusi.