Wiki ya Thelathini na Moja

Kabla hujaniuliza bei, Mundhir, chuchumaa.
Pangusa vumbi hapo ubavuni, karibu na rimu.
Unaziona tarakimu nne
ndani ya duara refu kama kokwa ya tende?
Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.
Hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa.
Meno yasikughuri:
hata maiti huzikwa na meno yake.

Huyo aliyekuuzia Sinaw, Alhamisi, asubuhi na mapema,
alilipaka mafuta likang'aa kama bwana harusi.
Lakini jua la huku haliguguni meno.
Linanyonya ulaini wa mpira, kimya kimya,
gari likiwa limeegeshwa tu,
mwenyewe umelala na kiyoyozi.

Na lami inapoishia, nyuma ya nyumba za mwisho za Bidiya,
shuka, toa upepo.
Usione uchungu.
Thelathini na tano ni ya barabara ya Sur,
kumi na tano ni ya mchanga.
Tairi lililoshiba hujichimbia kaburi;
lililolegea hutandaza kiganja, likapita.
Ukirudi, jaza kwanza.
Tairi legevu kwa mwendo wa mia na ishirini
ni chungu jikoni kisicho na maji.

Wala usinitajie yale mapana ya rafiki zako.
Yatasugua bodi kila ukikata kona,
na bushi zitalia mpaka majirani wakuulize.

Haya, shokapu.
Hizi mbili mezani, utadhani pacha.
Soma boksi lenye rangi kali:
jina la kiwanda limekosewa herufi moja.
Sasa ibebe. Ibebe tu.
Si unaona inavyopaa mkononi?
Mwaka juzi niliuza beringi ya ukoo huo
kwa shemeji yangu Sulaim. Nikijua.
Gurudumu lilimtoka kabla ya Al-Wasil,
likamtangulia, likaacha barabara,
likaenda zake mchangani kama mbuzi aliyefunguliwa.
Hakuumia.
Lakini Idi mbili zimepita
na sinia lake la halua sijaliona.

Basi niko hapo, nimenoga,
nataja namba za chasisi bila kutazama daftari,
Shofiqul akaniita kutoka chini ya pikapu.
Pikapu yangu.
«Madamu. Njoo na tochi.»

Nikalala chali juu ya boksi lililochanwa.
Tairi la akiba, limening'inia kwa mnyororo wake,
limeganda tope la wadi ambazo nimezisahau.
Shofiqul alipangusa kwa kidole gumba:
tatu, moja, sufuri, tisa.

Wiki ya thelathini na moja, mwaka wa tisa.
Joto la kukaanga yai juu ya boneti.
Baba angali anashika spana,
anatukana boliti kwa Kipemba,
na boliti, nakuapia, zinamwelewa.
Ni yeye aliyelifunga hapo.
Nyufa zake nyembamba, za mkato,
kama za visigino vyake alipokuwa anavua viatu kusali.

Mundhir alijitia anasoma kalenda ya ukutani.
Kwa adabu hiyo nilimpunguzia riali mbili,
na shokapu akachukua zile nzito.

«Tulitupe?» Shofiqul akauliza.
Nikasema kwanza lipime.
Kipimo kikatoa ulimi wake mdogo:
kumi na moja.
Kumi na moja iliyobaki
ya mashine ile ya zamani iliyokuwa ikitikisa mabati,
ya mkono wake,
ya mchana mmoja ambao sikumbuki nilikuwa wapi.

Jipya nimelifunga jioni ile ile, la mwaka huu,
nimelisoma ubavu mara mbili.
Lile la zamani liko nyuma ya kaunta,
limeegemea ukuta.
Nililiwekea ukucha kwenye valvu,
nikasikia pumzi moja fupi,
nikautoa.