Mpira wa Ukungu

Saa nane usiku, ghorofa ya tatu, Lewiston, Maine,
Onésime Thibodeau ananyoosha mikono nimkate kucha.
Vidole kumi, na hakuna viwili vinavyotazama upande mmoja.
Hiki, asema, ni mwaka ule wa mafuriko.
Hiki ni Dosithée, alipopuuza ishara yangu.
Gumba hili sikumbuki. Labda mlango wa gari.

Alikuwa mdakaji wa Wafumaji,
timu ya kiwanda cha pamba kando ya mto Androscoggin,
miaka kumi na minne akichuchumaa nyuma ya mpigaji
kama mtu anayechochea moto usiotaka kuwaka.
Kiwanda sasa ni nyumba za kupangisha.
Uwanja sasa ni maegesho ya duka la dawa;
nami huegesha hapo, pengine juu ya kituo cha pili.

Dosithée Gagnon, mtupaji, mtu wa chumba cha rangi:
mikono bluu hadi viwikoni, hata Jumapili kanisani.
Kila mpira uliomtoka ulitoka na doa,
na wapigaji wa Bangor wakamlalamikia mwamuzi
kwamba wanarushiwa mayai ya ndege.
Walilalamika. Kuyagusa hawakuyagusa.

Laurier Ouellette: vituo vitatu vimejaa,
watu elfu mbili wamesimama, na yeye
akaupiga upepo mara tatu.
Hakubadilisha nguo. Alivuka daraja na jezi yake,
gongo begani kama jembe la mtu aliyenyimwa mvua,
akaingia kwao, mama akampakulia supu ya njegere.
Jumatatu mashine yake iliwashwa kabla ya zote.
"Usimcheke," asema mzee. "Mimi nilicheka,
na hiki cha kati ndicho alichonivunja."

Kisha Alcide. Kwa Alcide sauti hushuka,
ananitazama kana kwamba kuna mtu mlangoni.

Fainali, awamu ya tisa, Wafumaji mbele kwa mmoja,
wageni wana wawili vituoni, wawili wameshatolewa,
na ukungu ukapanda kutoka mtoni:
ukala ua, ukala nyasi, ukamla Alcide Pelletier mwenyewe
kule nyuma kabisa, akabaki kikohozi.
Gongo likalia pa!
Mpira ukapaa. Hakuna aliyeuona ukishuka.
Watu wakanyamaza hata maji ya mfereji yakasikika.
Halafu Alcide akatokea katika weupe ule, akitembea,
glavu juu, mpira ndani.
"Nje!" akapaza mwamuzi, na kengele za kanisa zikagongwa,
na kombe lile lipo hadi leo maktaba, nyuma ya kioo.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Mpira wa Dosithée ulikuwa na doa la bluu.
Ule wa Alcide ulikuwa mweupe kama jino la mtoto.
Mdakaji alifika wa kwanza,
akausugua kwa tope, akautia mfukoni,
akamkumbatia Alcide mpaka mbavu zikalia.

Miaka sitini na mitatu.
Mke hakuambiwa. Padri hakuambiwa.
Naambiwa mimi, mzaliwa wa Uvira, ambaye hadi leo sielewi
kwa nini mtu azunguke kiwanja kizima arudi alipoanzia.

"Droo ya soksi," asema. "Chini kabisa."
Upo. Mzito kuliko nilivyodhani, nyuzi zimelegea,
na ubavuni lile doa, kama jicho.
Aliuokota alfajiri yake, kwenye magugu ya mfereji.

Anataka niurushe. Mzee, namwambia, watu wamelala,
na mimi sijarusha kitu
tangu nilipomrushia kaka yangu kiatu.
"Kiatu kinatosha."

Narudi hadi mlangoni. Naurusha vibaya,
unakwenda kushoto, kwenye glasi ya meno yake,
na mkono ule wenye kucha zilizokwisha kukatwa
unachomoka chini ya blanketi, umechelewa,
unafika.

Anauangalia muda mrefu.
"Nje," anasema polepole.
Kisha ananyoosha mkono wa pili.
Bado huo.