Komeo la Mlango Wetu

Kilembe, juu ya paa la ofisi ya mgodi,
kipo king'ora chenye midomo miwili,
mmoja umeelekea mto, mwingine makambi ya wafanyakazi.
Chuma cha kusubu, rangi ya kijani imebanduka magamba.
Ndani mna gurudumu la mapezi kumi na mawili
linalokata upepo vipande, na vipande hivyo ndivyo kilio.
Baba alinionyesha kwa kipande cha boksi na spoku za baiskeli.
Kule Bitswamba, mlinzi wa zamu ya usiku.
"Sikia," alisema. "Kelele ni hewa iliyozuiwa, ikaachiwa."

Enzi hizo kililia mara tatu kwa siku.
Mama akibandika chai, kinalia.
Akiepua maharage, kinalia.
Cha tatu kilitukuta usingizini, tukageuka ubavu wa pili.
Jogoo wa kina Mbusa aliacha kabisa kuwika,
akaona kazi yake imepata mwenyewe.

Mgodi ulipofungwa, mishahara ilikatika kwanza, kisha umeme.
Watu wakabeba walichoweza: viti, balbu, milango ya vyoo.
Baba akabeba mkono,
mkono wa chuma wa kuzungushia king'ora siku mota ikigoma,
umepinda mara mbili, kama goti na kisigino.
"Hiki ndicho kiinua mgongo changu," alisema,
wala hakucheka.
Mama akaupa kazi: kukomea mlango.

Miaka ishirini na tisa ulilala pale
ukizuia wezi ambao hawakuja.

Usiku ule Nyamwamba ulishuka na mawe.
Sikusikia maji. Nilisikia mawe yakigongana chini ya maji
kama watu wanaohamisha kabati bila kuwasha taa.
Baba alikuwa na mwaka wa nne kaburini.
Nilivuta komeo ili tukimbie,
na likiwa mkononi mwangu nikakumbuka
lilivyoitwa kabla ya kuwa komeo.

Mama akapanda mlima na mjukuu mgongoni.
Mimi nikapanda paa.
Ngazi ilikosa vidato vitatu. Tundu limejaa kutu na manyoya.
Nikaugonga mkono kwa jiwe, ukaingia nusu.
Nikazungusha.

Hakikulia.
Niseme kweli, kwa sababu siku hizi watu wananisifu.
Kilikohoa, kikatema kiota cha mbayuwayu,
kikaguna kama ng'ombe anayezaa,
halafu kikapanda, mara moja tu, kikatoa sauti: kuuule.
Jina la baba, au vile tunavyosema
tukionyesha mahali pa mbali, pa juu,
sijui.
Kisha jino la mkono likakatika.

Biira Kabugho wa chumba cha saba anasema alisikia,
akatoka na wanawe wanne.
Wa chumba cha nane, cha tisa, cha kumi,
hatukupata wa kuwauliza.

Juzi amekuja mtu kutoka Kampala, na kamera na rula.
Amefuta kibati kwa mate, amesoma namba, amepiga mluzi.
Anasema vya aina hii havizidi vinne duniani.
Ametaja bei, na mwenyekiti wa kijiji
ameirudia mara mbili, kwa sauti, aisikie mwenyewe.
"Mkono wake uko wapi?" ameniuliza.
"Bila mkono si kamili. Thamani inashuka."

Nimemwambia ulikwenda na maji.
Ameandika hivyo kwenye daftari lake, kwa wino.

Sasa ni saa tatu usiku. Nimefunga mlango,
nimeulaza mkono mahali pake, na jino lake bovu.
Mama ameuliza kutoka chumbani kama nimekomea.
Nimeitika.
Huko milimani mvua imeanza, bado nyepesi,
ya kulowesha majani tu.
Nimeinuka tena, nimelegeza komeo kidogo,
lisije likakwama.