Nuktamkato

Saa tano na robo usiku, Szeged. Kipasha joto kinagugumia
kama mtu mwenye neno asilothubutu kulisema.
Etelka Vidács anaandika amri moja kwenye dirisha jeusi,
ile ile aliyoiandika miaka tisa
kwenye kompyuta iliyokufa Jumatatu:

kina

Na hii mpya, bila haya, inamjibu:
"kina" haitambuliki.

Haitambuliki!
Mto Tisza uko pale nyuma ya ukuta wa mawe, unapanda,
haungoji mtu atambuliwe.

Anakagua tahajia. Herufi nne, na nne ni nne.
Anaandika tena polepole, kidole kimoja,
kama anayemtajia mgeni bei ya mkate.
Anaandika kwa hasira. Mashine haijui hasira.

Gergő aliyeitunga programu amestaafu,
amehamia Pécs kwa binti yake, hulala mapema, simu huizima.
Ameacha karatasi chini ya kibodi, ina duara la kahawa:
Ikigoma usiilaumu. Iulize inatafuta wapi.

Anafungua folda. Faili hili hapa,
limekaa kitako, halina habari.
Analiita kwa jina lake lote, kuanzia herufi ya diski,
folda kwa folda, ukoo mzima,
nalo linaitika papo hapo.
Lakini orodha ya saa sita, ipelekayo vipimo Budapest,
huliita kwa jina fupi, la nyumbani,
na kwa jina hilo hakuna alijuaye.

Hapo anamkumbuka baba yake, tarishi wa Rókus,
mwaka ule mitaa ilipovuliwa majina
na vibao vipya vikapigiliwa kwenye kuta zile zile.
Barua zilirudi na mhuri: hajulikani.
Mtu yuko jikoni anamenya viazi, hajulikani.
Baba alizibeba jioni, nje ya saa za kazi,
akinung'unika: nyumba haijahama.
Daftari la posta ndilo lililopotea.

Basi, daftari.
Mipangilio, vigeu vya mazingira, mstari uitwao Njia:
msururu wa anwani usio na pumzi.
Mashine ikisikia jina hupita humu mlango kwa mlango,
hubisha hodi kwa zamu,
na nje ya mstari huu haina jamaa wala jirani.
Etelka anaweka rula juu ya skrini, anasoma.

Karibu na mwisho, anwani ya Gergő ipo!
Fundi wa asubuhi aliiandika,
ila alisahau kuitenga na iliyotangulia;
nyumba mbili zimeshonwa zikawa moja,
nyumba ambayo hakuna mwashi aliyeijenga.

Anatia nuktamkato. Kitone na mkia wake.
Sawa. Sawa. Sawa: mashine hutaka kuambiwa mara tatu.
Anarudi kwenye dirisha jeusi.

kina

Haitambuliki.

Anacheka peke yake, kicheko kikavu, cha pua.
Kumbe dirisha hili alilifungua saa tatu;
lilizaliwa na daftari la zamani
na litakwenda nalo kaburini.
Kama Bi Piroska wa ghorofa ya pili,
ambaye mpaka leo humtajia dereva wa teksi
jina la mtaa lililofutwa, kisha humkaripia kwa ujinga.
Huwezi kumfunga Bi Piroska ukamfungua upya.
Dirisha, unaweza.

Analifunga. Analifungua.

kina

Mita sita, sentimita arobaini na moja.
Saa sita kasoro dakika nne.

Anachukua karatasi ya Gergő, na chini ya duara la kahawa
anaongeza kwa penseli:
Ukishasahihisha, funga dirisha kwanza.

Kisha anavaa koti, anatafuta tochi.
Tarakimu ameiona.
Sasa anataka kuuona mto.