Nyuzi Mbili na Nusu

Sahani zilikaa forodhani siku kumi na tisa,
zikala ushuru kuliko bei yake,
zikaja Tabata mapajani mwa Ladislaus
kama keki ya harusi.
Mbili. Alumini, zambarau ya bilinganya,
kila moja na mifereji yake, na vimstari
ambavyo nimevaa miwani kuvisoma.

Subaru yake iko juu ya stendi,
pua hewani, miguu ya mbele imevuliwa.
Nafungua nati tatu za pembeni kichwani mwa shokapu.
Ya katikati siigusi
mpaka kibano kiishike springi pande zote.
Springi iliyobanwa haina rafiki.
Mwaka ule, Buguruni, iliruka ikatoboa bati,
ikaniachia kidole hiki kisichokunjika.
Basi nazungusha, robo huku, robo kule,
na kijana amenyamaza bila kuambiwa.

Mpira wa zamani unatoka umepasuka kama kisigino.
Sahani inakaa mahali pake.
Naivuta shokapu kichwa kuelekea injini,
kidogo,
tairi lilale, liinamie ndani,
kama golikipa aliyetanua miguu akisubiri penalti.

Kazi ni kupima.
Simu yake inasema kushoto mbili na nusu,
kulia moja na robo.
Nalegeza, nasogeza, nakaza.
Tunalisukuma gari nje, tunalirudisha.
Sasa kulia mbili na nusu, kushoto nne.
Nusu saa natukana chuma,
ndipo kopo la maji linanimwagikia
na maji yanakimbilia mtaroni
bila hata kuuliza njia.

Ni sakafu.
Miaka kumi na moja nimenyoosha magari ya watu
juu ya sakafu iliyolala.
Waliorudi wakisema, "Tumpe, linavuta kushoto,"
niliwaambia ni barabara.

Naazima mpira wa maji kwa waashi wa ghorofa jirani.
Vipande vya vigae, kimoja, viwili,
kulia vitatu na gazeti lililokunjwa,
mpaka maji yasimame sawa ncha zote mbili.
Napima upya.
Sasa chuma kinasema kweli, kumbe kilikuwa kinasema siku zote.

Bado uzi.
Tairi ukililaza, nalo hugeuza uso,
lazima upitishe uzi ubavuni, mbele hadi nyuma.
Wangu umeliwa na panya.
Bi Zuwena wa cherehani analeta kibunda, mweupe, namba arobaini,
anasimama, anakunja shingo.
"Hili gari limeota matege."
Nimelilaza makusudi, namwambia.
"Makusudi?"
Anafikiri, sindano mdomoni.
"Kama mkono wa shati.
Ukiushona umenyooka, mtu akidandia bomba la basi
kwapa linachanika.
Mimi naukata mshazari. Mezani unaonekana upogo.
Mwilini, kimya."
Ladislaus anadakia: kwenye kona ndipo litasimama wima!
"Ndiyo nilichosema," anajibu,
anadai kibunda chake.

Jumapili alfajiri alipiga simu kutoka kona za Pugu,
pumzi juu, maneno yakigongana.
Linakata, dada. Linakata kama linajua ninapotaka kwenda.
Nikamwambia mwendo pole.
Akacheka. Nami nikacheka, maana tulijua
hakulipa ushuru ule kwa ajili ya mwendo pole.

Leo sijafungua geti.
Nina mfuko wa saruji, mpira wa maji ambao sijarudisha,
na daftari la wateja lenye mafuta kila ukurasa.
Wa kwanza ni mwalimu mmoja wa Segerea, Corolla nyeupe.
Simu inaita.
Shikamoo mwalimu. Ni Tumpe, fundi.
Lile gari, bado linavuta kushoto?