Kijaluba Kilichogoma

Alikuja Jumanne, siku isiyo ya soko,
theluji ingali mabegani, kofia mkononi,
akakitua mezani pangu kama mtu anayerudisha deni:
kijaluba cha mpeasi, upana wa kiganja,
njumu ya waya wa shaba, shanga kuzunguka ukingo.
"Kimegoma," akasema.
"Tangu tumzike mama hakifunguki."

Jina lake Nestor. Ametoka Kolomiya kwa basi la alfajiri.
Alikuwa amejaribu kisu: niliiona alama pembeni,
mpya, nyeupe, kama jino la mtoto.
Sikumgombeza. Nilikigeuza tu,

na hapo nikaiona shanga ya buluu
palipostahili nyekundu,
ya saba kutoka bawaba, upande wa kushoto.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.
Baba mkwe yuko nyuma yangu, ananusa gundi,
soko la Kosiv ni kesho, nyekundu zimekwisha.
Nikapachika ya buluu.
Asubuhi nikaifunika kwa kidole gumba
hadi mnunuzi alipokitia kapuni.
Usidhani nimeibeba rohoni miaka thelathini na mmoja.
Nilikuwa nimeisahau kabisa,
kama unavyousahau uwongo ulioaminika.

"Ulikiweka wapi?"
"Stoo ya chini ya sakafu. Juu ya pipa la kabichi."
"Basi kimelewa," nikamwambia.
"Mti haufi siku unapokatwa. Hunywa.
Penye viazi na ukungu hunywa kimyakimya, hunenepa.
Kiache kilevuke."

Akacheka kidogo, kisha akakitikisa sikioni mwangu.
Kulikuwa na kitu. Kimoja, kikavu,
kikigonga ukuta huu, kikigonga ule.
"Pete yake hatukuiona," akasema.

Sisi mafundi hatukisii kilichomo.
Huo nao ni uwongo. Tunakisia usiku kucha.

Nilikiweka hatua nne kutoka jikoni, si tatu:
mti ukikaushwa kwa pupa hupasuka.
Nikaendelea na kazi zangu, randa, msasa, tupa,
vumbi la mpeasi likitua kwenye nyusi na kwenye mkate.
Odarka, mke wa mwanangu, alikipitia mara mbili
akakitikisa akidhani sisikii.

Usiku wa tatu: tk.
Sauti ya ukucha juu ya ukucha.
Kifuniko kilikuwa kimeinuka, unene wa unywele.
Nilisimama bila viatu kwenye sakafu ya baridi
na, niseme kweli, nilifungua.

Haikuwa pete.
Ilikuwa shanga nyekundu.
Kipimo kilekile, tundu lilelile,
imenunuliwa mahali, siku fulani, makusudi.

Ndipo akanijia: kitambaa cha kijani kichwani,
hakuomba kupunguziwa hata kopeki,
alikitazama kidole gumba changu
muda mrefu kuliko alivyokitazama kijaluba.

Nestor aliporudi Ijumaa nilikuwa nimeparaza kifuniko,
nimeziba alama ya kisu, nimepaka nta.
"Shanga tu?" akauliza, akaangalia tena ndani
kana kwamba pete imejificha kwenye kona.
Nilimwonyesha ukingo. Akahesabu kwa kidole,
midomo ikicheza kama ya mwanafunzi: tano, sita...
Akanyamaza.

"Niipachike? Kazi ya robo saa."

Akafunga. Akafungua. Akafunga.
Nilimtoza kuparaza, nta na gundi.
Hilo la buluu sikuliandika kwenye risiti.

Kutoka dirishani nilimwona akishuka kuelekea kituoni,
theluji ikimfika vifundoni, basi likikaribia kuondoka,
naye anatembea, anasimama,
anakiinua sikioni,
anakitikisa.