Kubadili Mafiga, Chungu Kikitokota

Miaka tisa mashine hii imenipikia:
memwari za wanafunzi, barua za kudai pensheni,
mialiko ya arusi yenye maua pembeni.
Sasa inahema. Nikibonyeza herufi
inafikiri kwanza, kama karani wa komini
anayetafuta muhuri alioushika mkononi.

Mafiga yamechoka, akasema Chola,
fundi wangu wa Kamalondo, mwembamba kama waya.
Karti-mama, prosesa, memori.
Yote matatu, mama.
Ukibadili moja, yale mawili yatalikataa.

Nikamwambia: Chola, tazama chungu.
Nyembo anatetea Jumatatu saa tatu.
Kurasa mia na nne juu ya mto Kafubu,
tanbihi zimetapakaa kama kuku waliofunguliwa asubuhi,
na mimi niko ukurasa wa sitini na moja.
Nani anang'oa mafiga bukari ikiwa motoni?

Akacheka. Ile ya zamani iache itembee.
Ya mupya tutaijenga pembeni.

Ijumaa usiku alinakili kila kitu
kwenye diski ndogo kama kipande cha sabuni,
akaniagiza nisiiache mezani.
Nikalala na mto Kafubu chini ya mto.

Kisha tukagawana chumba.
Mimi mezani, na feni kuukuu ikikoroma;
yeye kwenye meza ya kupigia pasi, juu ya karatoni,
akigusa chuma cha dirisha kabla ya kugusa chochote,
kama mtu anayenawa kabla ya kula.
Hatukusemeshana. Nilisikia bisibisi tu,
na mara moja, "Pole," sijui alimpa nani.

Alipofika kwenye kipoza joto aliniita nione.
Mabomba mekundu, membamba, yamesuguliwa yakang'aa.
Shaba, mama.
Marehemu Kalenga aliiyeyusha miaka ishirini na miwili
chini ya lile bomba refu la moshi linaloonekana toka Katuba yote,
akarudi jioni na kikohozi, mikono mitupu.
Sijui kama hii ni yetu.
Niliigusa kwa kidole. Ilikuwa baridi.
Nikarudi kwenye tanbihi ya sabini na tatu.

Jumamosi saa kumi umeme ukaenda zake, bila kuaga.
Betri ya gari iliyo chini ya meza
ikanibeba hadi ukurasa wa themanini, kisha nayo ikalia.
Nikachukua penseli. Chola akawasha tochi ya simu,
akaishika kwa meno, akaendelea kukaza skrubu.

Jumapili, majirani wakiwa bado kanisani,
nikaweka nukta ya mwisho, nikazima.
Akachomoa diski ingali na uvuguvugu
akaihamishia nyumba mpya.
Akabonyeza.
Feni ikazunguka, taa ikawaka kijani,
kioo kikabaki cheusi.

Dakika hizo sitazisimulia.

Akachomoa memori, akaazima kifutio changu cha penseli,
akaisugua meno yake kama mtoto wa shule,
akairudisha, akasukuma mpaka ikasema tak.
Na kioo kikafunguka, ukurasa wa mia na nne,
kishale kikipepesa palepale nilipokiacha
kama mgeni ambaye hakuambiwa kwamba tumehama.

Jumatatu saa moja Nyembo alikuja.
Alilalamikia rangi ya jalada.
Hakuuliza lingine, nami sikumwambia.

Chola alibeba mifupa ya zamani ndani ya mfuko wa unga,
vumbi jekundu la Katuba likimwagika hadi mlangoni.
Akanyoosha mkono kwenye kibodi:
A imefutika, E ni alama ya kidole tu.
Na hii?

Hiyo usiguse.